Anayemjua Mgonjwa Asiachwe Getini



Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mgonjwa anayetoka Sengerema usiku hasubiri tena kivuko ili afike Mwanza. Ni neema kubwa. Lakini mgonjwa huyo akiwa mzee aliyepungukiwa kumbukumbu, ni nani anayepanda naye gari?

Kwa mzee mwenye demensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaofifisha kumbukumbu na uelewa polepole kwa miezi na miaka, hilo ni swali la uhai. Mgonjwa mwingine huulizwa anaumwa wapi, tangu lini, na anatumia dawa gani. Yeye hawezi kujibu, au atasimulia mambo ya ujana wake. Tena malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo au upungufu wa maji mwilini vinaweza kumvuruga ghafla, ndani ya saa chache, pengine hata bila homa kali. Daktari anayemwona kwa mara ya kwanza hawezi kujua kwamba juzi tu bibi huyu alikuwa akisali rozari na kuwaita wajukuu kwa majina. Asiyemfahamu akisema, "Ndivyo alivyo, ni uzee," ugonjwa unaotibika unaweza kupita bila kuonekana.

Sasa, katika familia zetu, ni nani anayejua bibi alikuwaje juzi? Mara nyingi si mwana aliyeko Dar es Salaam, wala yule aliyeko machimboni Geita. Ni mkwe anayemwogesha, au mjukuu anayelala naye chumba kimoja. Lakini dharura ikitokea, inasikilizwa simu ya mwenye pesa. Yeye ndiye anayeamua hospitali ipi na lini, au kama aitwe mganga kwanza. Mkwe anabaki kuangalia nyumba, mjukuu anaambiwa ni mtoto, na anayetumwa ni kijana yeyote mwenye nguvu za kumbeba mgonjwa. Anayelipa astahili shukrani, maana bila yeye pengine hakuna gari. Ila kulipa ni jambo moja, na kumjua mgonjwa ni jingine.

Huku Usukuma kuna hatari nyingine. Vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, wengine kwa sababu ya macho mekundu tu, ambayo mara nyingi ni matokeo ya moshi wa jikoni. Bibi anayezungumza peke yake na kutangatanga usiku anaishi karibu na hatari hiyo. Anayemtunza akiwaambia majirani waziwazi kwamba bibi anaumwa, na akampeleka hospitali, anamkinga pia na midomo ya watu.

Katika falsafa tunakutana na John Locke, aliyefungamanisha utambulisho wa mtu na ufahamu na kumbukumbu zake. Tukimfuata hadi mwisho, bibi aliyesahau maisha yake si yule yule tena. Boethius, na baadaye Mtakatifu Tomaso wa Akwino, walianzia kwingine: mtu ni nafsi kwa asili yake, hata pale akili inaposhindwa kufanya kazi. Mimi niko upande wao, na ninaongeza kwamba sehemu ya kumbukumbu za mtu hutunzwa na wale wanaoishi naye. Mjukuu anapomwambia muuguzi kwamba bibi hutulia akishikwa mkono, anamkumbukia bibi yake.

Wahudumu wana sababu zao za kuwatoa ndugu nje. Vyumba vya dharura hujaa, na ndugu kumi wakiingia hubishana na kuziba njia. Basi aruhusiwe mmoja. Mzee mwenye demensia akiachwa kati ya wageni huogopa, huchomoa dripu, huweza kuanguka. Sura anayoifahamu humtuliza, na humpunguzia daktari kazi. Hospitali za Kanisa, kuanzia Bugando inayopokea wagonjwa wa Kanda nzima ya Ziwa hadi vituo vidogo vya afya, zina nafasi nzuri ya kuonyesha mfano.

Sisi wa majumbani tuna sehemu yetu, nayo haihitaji fedha nyingi. Familia ikubaliane mapema nani atakayekwenda na mzee, na waliko mbali wamwambie mhusika kwamba neno lake litasikilizwa. Iandikwe karatasi moja: magonjwa yake, dawa zake, anavyoongea na kutembea siku za kawaida. Jumuiya Ndogondogo nazo ziwatambue wazee wa namna hii, ili anayemtunza akiondoka usiku awepo jirani wa kubaki na watoto.

Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 3, kinamtaja mzazi ambaye akili yake imefifia, na kinamtaka mwanawe amvumilie. Jumuiya zetu zikikutana wiki hii, tuulizane: usiku wa leo bibi akizidiwa, nani ataingia naye ndani?