Adabu inayotuponza mahakamani

Mwenzetu akiandikiwa kosa la barabarani katika jimbo asiloishi, na karatasi ikamtaka afike mahakamani, huku Marekani tuna njia mbili tulizozizoea na zote zinatuumiza. Kuna anayeitupia karatasi kwenye droo, akijiambia kwamba Virginia ni mbali na hakuna atakayemfuata North Carolina. Na kuna anayekwenda, shati limepigwa pasi, akasimama mbele ya jaji, akakiri kila kitu na kuomba radhi kama alivyolelewa. Huyu wa pili ndiye anayeninyima usingizi, maana amefanya yote ambayo kwetu yanaitwa uungwana.

Mimi ni mtu wa Tanga na ninaishi Greensboro, North Carolina. Kazi yangu ni kuwasaidia wakimbizi wanaofika kuanza maisha: nyumba, shule za watoto, hospitali, barua zisizosomeka. Wengi wao ni Wakongo waliokaa miaka mingi kambini Nyarugusu kabla ya kupanda ndege. Ndugu zao wametawanyika Maryland, Pennsylvania na Ohio. Kukiwa na harusi au msiba, watu hutoka kazini Ijumaa, wakaoga haraka, wakajaza watoto na sufuria kwenye gari kuukuu na kushika njia ya kaskazini usiku huohuo. Njia hiyo inapita Virginia.

Sasa Virginia ina sheria yake. Kwenye barabara zake kuu mwendo wa juu kabisa unaoruhusiwa ni maili 70 kwa saa, sawa na kilomita 113 hivi. Ukipitisha maili 85, au ukizidisha kibao cha mahali ulipo kwa maili 20 au zaidi, unashtakiwa kwa kuendesha gari kizembe, nalo ni kosa la jinai la daraja la juu miongoni mwa makosa madogo. Adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miezi 12 na faini ya dola 2,500. Hadi katikati ya mwaka 2020 kikomo kilikuwa maili 80; bunge la jimbo likakisogeza. Ukienda Texas, kuna barabara ya kulipia karibu na Austin ambayo kibao chake chenyewe kimeandikwa 85. Nchi ni moja, lakini mwendo ambao Texas mtu anautumia kihalali, ukiuongeza maili moja tu, Virginia unampa rekodi ya jinai.

Kaka mmoja Mkongo wa Uvira, baba wa watoto wanne, alipigwa tochi akiwa na maili 87 mahali pa 70. Askari alimpa samansi, akamwambia atie sahihi, akatia. Aliponiletea ofisini ilikuwa imekunjwa mara nne ndani ya Biblia, na jambo lililomtia hofu lilikuwa ile sahihi. Aliamini amekwisha kukubali kosa. Nilimwonyesha kwamba sahihi ile ni ahadi ya kufika tu, na kwamba ingemletea shida zaidi kama angekataa kuitia. Juu yake kulikuwa na jina la mahakama, tarehe na saa. Kosa kama lile huwezi kulilipia kwa njia ya posta wala mtandaoni ukabaki nyumbani. Lazima lisikilizwe.

Niliomba ruhusa kazini nikaenda naye. Tuliondoka alfajiri kwenda kaunti moja ndogo ya kusini mwa Virginia. Mlangoni palibandikwa orodha ya majina, ndefu, na mengi yalikuwa ya watu waliokuwa wakipita njia. Hakuwa na wakili. Mkalimani aliunganishwa kwa simu, Mkenya kwa lafudhi yake, sauti ikikwaruza kwenye spika. Jaji akauliza anajibuje shtaka. Yule kaka akaweka mikono kifuani, akainamisha kichwa: "Ndiyo mukubwa, nilikuwa nakimbiza. Munisamehe." Mkalimani akayafikisha maneno hayo kwa Kiingereza kama yalivyo, na hiyo ndiyo kazi yake. Jaji alishaandika kabla sijavuta pumzi. Ametiwa hatiani kwa jinai, faini na gharama za mahakama, aitwe anayefuata. Nami nimekaa benchi la nyuma, sina ruhusa ya kufungua mdomo.

Nje alinishika mkono, uso umemchangamka. "Dada, Mungu mukubwa, hawakunifunga." Alishukuru, na alikuwa ameshukuru mle ndani pia. Nilikosa pa kuanzia kumweleza.

Nayaelewa kabisa yaliyomo moyoni mwa mtu kama huyu, kwa sababu ndivyo tulivyokuzwa. Mbele ya mkubwa ukibisha unaongeza hasira yake. Ukinyenyekea, unasamehewa nusu. Na kwa kosa la barabarani nyumbani tumezoea jambo liishe palepale. Tanzania trafiki anakuandikia, unapewa namba ya malipo, unalipa faini kwa simu na safari inaendelea. Hakuna anayekuuliza miaka mitano baadaye. Mtu aliyezoea hivyo, akipewa karatasi ya Marekani inayoruhusu kulipa bila kufika, atalipa usiku huohuo na kulala vizuri, bila kujua kwamba kulipa ni kukiri kosa, na kwamba taarifa itasafiri hadi jimbo lake na kuingia kwenye leseni yake na bima yake.

Inasafiri kweli, na hapo ndipo wa droo anapokosea. Majimbo mengi yamefungamana kwa mikataba miwili, mmoja wa kupeana habari za hukumu za madereva na mwingine wa kumbana mgeni asiyeitikia wito. North Carolina na Virginia zimo katika yote miwili. Usipoitikia, leseni ya jimbo lako inaweza kufungwa, na aghalabu unajua siku unaposimamishwa kwa taa ya nyuma isiyowaka. Kwa shtaka la jinai hali ni mbaya zaidi. Kutofika ni kosa jingine linalojitegemea, na jaji anaweza kutoa hati ya kukamatwa. Mtu ametoka na kosa la mwendo akaishia kuendesha bila leseni huku anatafutwa.

Wala hati hizo si jambo la Virginia peke yake. Ripoti ya Wizara ya Sheria ya Marekani kuhusu mji wa Ferguson, Missouri, iliyotoka Machi 2015, ilionyesha mji wa watu wapatao 21,000 ambao mahakama yake ilikuwa na hati za kukamata zaidi ya watu 16,000, nyingi kwa makosa ya barabarani na vijikosa vya mtaani. Hii ni mashine ya kawaida ya nchi hii. Haikutengenezwa kwa ajili yetu, lakini nasi inatusaga.

Yule kaka hatukumwacha hapo. Mchungaji wake alimpata wakili, na wakili akatueleza jambo ambalo laiti lingeandikwa kwa Kiswahili kwenye kila mlango wa mahakama ya Virginia: hukumu ya mahakama ile ya chini unaweza kuikatia rufaa ndani ya siku 10, na mahakama ya juu yake huisikiliza kesi upya tangu mwanzo, hata kama kule chini ulikiri. Siku zilikuwa bado hazijaisha. Gari likapelekwa kwa fundi mwenye kifaa cha kupimia spidomita, magurudumu ya mbele yakazungushwa juu ya rola, na mshale ukaonekana kusoma chini ya mwendo halisi. Fundi akaandika cheti kwa kiapo. Sheria ya Virginia inamtaka jaji akipokee cheti cha namna hiyo kama ushahidi. Mara ya pili mwenzetu alisimama na wakili kando, mkalimani ameketi ubavuni mwake, na neno alilosema kujibu shtaka lilikuwa moja: sikiri. Shtaka likashushwa hadi kuendesha isivyofaa, ambalo halimo katika jinai. Akalipa faini. Alistahili kulipa, alikuwa amekimbia.

Nasisitiza hilo kwa sababu simtetei mtu wa mwendo kasi. Nimewahi kusaidia kutafuta jeneza la mtoto aliyekufa kwenye barabara hizihizi. Ninachokataa ni mtu kubeba rekodi ya jinai kwa sababu hakujua kwamba mahakamani kukiri ni hatua ya kisheria. Jaji hana pa kuipima aibu yako. Ana viboksi tu vya kuweka alama. Ukisema "sikiri kosa" hujamdanganya mtu, hujamvunjia heshima. Umeomba upande unaokushtaki uthibitishe, kama sheria inavyoutaka ufanye kwa kila mtu.

Kwa mgeni asiye raia uzito ni zaidi. Kosa hili peke yake kwa kawaida halimfukuzishi mtu nchini, na ninaomba watu waache kutishana kwenye magrupu ya WhatsApp. Lakini fomu ya kuomba uraia inauliza kama umewahi kukamatwa au kuandikiwa na polisi, na afisa ana haki ya kuuliza habari za kila hatia ya jinai. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua katika kesi ya José Padilla, dereva wa lori mzaliwa wa Honduras aliyekuwa mkazi halali kwa miaka mingi, kwamba wakili wa kesi ya jinai analazimika kumwambia mteja asiye raia hatari ya uhamiaji iliyomo katika kukiri kwake. Padilla alikuwa amekiri shtaka la bangi baada ya wakili kumhakikishia asiwe na wasiwasi. Haki hiyo ya kuonywa inamfaa mwenye wakili. Anayekwenda peke yake na Biblia yake hakuna anayemwonya.

Na mkalimani aombwe mapema, kwa kupiga simu kwa karani siku nyingi kabla, kwa kusema wazi ni Kiswahili cha wapi. Katika kesi za jinai Virginia inamlipa yenyewe. Mtoto wa darasa la saba asipelekwe kumtafsiria baba yake. Nimeona mzazi akifikiria kufanya hivyo na iliniuma.

Ninakokwenda na haya yote ni kwenye vyama vyetu. Tuna chama cha Watanzania, tuna vikundi vya Wabanyamulenge, vya Wabembe, vya Wakenya. Mtu akifariki, ndani ya siku tatu zinapatikana maelfu ya dola za kusafirisha mwili. Najivunia hilo na nimechanga kila mara. Ila mwenzetu akiitwa mahakamani, anaficha. Anakwenda gizani kama mtu anayekwenda kwa mganga, na tunasikia habari zake leseni ikiwa imekwisha kufungwa. Nataka kila chama kitenge sehemu ya michango yake kwa ajili ya wakili wa kesi ya barabarani inayomtaka mtu afike, na kiwe na orodha ya mawakili waliokwisha kutufaa katika majimbo tunayopita, Virginia ikiwa ya kwanza. Mara nyingi wakili wa kaunti hiyohiyo anaweza hata kumwakilisha mtu bila yeye kusafiri, jaji akiridhia, na siku ya kibarua ikaokolewa.

Nililitoa wazo hili kwenye kikao, na mzee mmoja ninayemheshimu sana akalikataa. Alisema tutakuwa tunawalipia vijana wakimbize magari. Nilimjibu, shikamoo ikiwa imetangulia, kwamba faini kila mtu atalipa kutoka mfukoni mwake mpaka senti ya mwisho. Chama kitalipia mtu mmoja anayeijua sheria asimame karibu naye wakati jaji anapouliza swali lile. Mzee ameomba tulijadili tena kikao kijacho, na ameniagiza nije na makadirio ya gharama. Nimekwisha kuwapigia mawakili wawili.