Ufunguo wa Pili wa Gari

Mwezi huu twataka kusema juu ya jambo dogo ambalo limezitia nyumba kadhaa hapa Bariadi katika gharama kubwa, nalo ni ufunguo wa gari.

Yupo jirani yetu, mtu mzima na mchumi wa mali yake, aliyenunua gari lililokwisha kutumika Japani. Gari hilo lilimfikia na ufunguo mmoja tu, kama yafikavyo mengi, naye hakuona haja ya wa pili. Miaka ikapita, ganda la ufunguo likapasuka. Siku moja akanunua sokoni ganda jipya kwa fedha chache, akampa kijana wake kazi ya kuhamisha vilivyomo. Kijana akahamisha ulimi wa chuma na kibao cha rimoti, akakaza skrubu vizuri, na ganda bovu akalitupa jalalani, ambako jioni ile takataka zilichomwa moto. Asubuhi yake rimoti ilifungua milango kama desturi, na swichi ikazunguka; mashine ikalia, ikalia, wala isiwake. Fundi wa umeme alipofika alitazama taa ndogo nyekundu iliyokuwa ikimetameta kwenye dashibodi, kisha akauliza neno moja: "Mzee, ganda la zamani liko wapi?"

Kilichoungua jalalani ni chipu. Ni kitu kidogo kama punje ya mchele, au kama kijipande cheusi cha mkaa, kilichochomekwa ndani ya kichwa cha ufunguo mahali ambapo mtu asiyekijua hakioni. Haina betri. Kuizunguka swichi kuna waya uliosokotwa, na ufunguo uingiapo, waya huo huipa chipu nguvu kidogo, nayo hujibu kwa namba yake ya siri. Kompyuta ya gari ikiitambua namba, huruhusu mafuta na moto kwenda katika mashine. Isipoitambua, hukataa hata kama chuma kimechongwa sawasawa. Ulaya ililazimisha kinga hii katika magari madogo mapya tangu mwaka 1998, na katika magari ya Japani tunayonunua sisi, mengine yanayo na mengine hayana.

Hapa yafaa tutaje hasara moja iwapatayo wengi. Rimoti ikikataa kufungua milango, watu hukimbilia kununua ufunguo mzima, hali betri yake tu ndiyo iliyokufa. Ufunguo wa kuingiza katika swichi utaliwasha gari hata kama betri ya rimoti imekwisha, maana chipu haiitegemei. Na kwa magari ya kubonyeza kitufe, mara nyingi umo ufunguo mwembamba wa chuma uliofichwa ndani ya ile rimoti, wa kufungulia mlango; kisha rimoti yenyewe ikisogezwa mpaka iguse kitufe, gari huwaka. Basi, anzeni na betri kabla ya kumwita fundi.

Turudi kwa jirani yetu. Ilimbidi afanyiwe kazi ile iitwayo na mafundi "funguo zote zimepotea", nayo ndiyo ghali kuliko zote. Ukiwa na ufunguo mmoja mzima, fundi huunganisha chombo chake na gari, ufunguo ule hutambulishwa kwanza, kisha mpya husajiliwa nyuma yake, na mara nyingi ni kazi ya dakika chache. Usipokuwa na hata mmoja, hapana budi kuingia katika kumbukumbu ya kompyuta yenyewe. Katika magari mengine huifungua kompyuta na kuisoma kwa chombo kingine, au hata kuibadilisha. Juu ya hayo, gari haliwezi kwenda kwa fundi. Ama livutwe kutoka Bariadi hadi Lamadi, kisha lishike njia ya Magu mpaka Mwanza, ama fundi aje kwa njia ile ile pamoja na vyombo vyake, na nauli yake ni juu ya mwenye gari. Fedha zilizotumika zilikuwa zimewekwa kwa ada ya binti yake. Na yule kijana alilaumiwa siku nyingi, ingawa hakuna aliyepata kumwambia kwamba chipu ipo.

Kwa hiyo mwenye ufunguo mmoja leo ndiye tunayesema naye. Akiwa na safari ya Mwanza kwa haja nyingine, na aende na gari lake na ufunguo wake, amalize jambo hili siku hiyo hiyo. Asiye na safari, na atafute majirani wawili au watatu wenye haja kama yake, wamwite fundi mara moja, wagawane nauli. Sisi twaona ni ajabu watu kuchangiana harusi na misiba kwa moyo mmoja, halafu kila mtu kumsafirisha fundi peke yake.

Katika mapatano, mwulizeni fundi bei ya kila kitu: ufunguo pamoja na chipu, kuchonga chuma, na kusajili. Mwambieni aina ya gari na mwaka wake kabla hajatoka kwake. Kisha fikirini kama mwahitaji rimoti. Ufunguo wa akiba wenye chipu pasipo rimoti huwa na bei ya chini zaidi, na kwa kuliwasha gari siku ya dhiki unatosha kabisa. Atakayetaka rimoti na aangalie isije ikawa ya magari ya Ulaya, kwa sababu hizo kwa kawaida hutumia mawimbi ya megahezi 433, na za Japani huwa karibu na 315, hazisikilizani.

Kabla ya kulipa, liwasheni gari kwa ufunguo mpya huku ule wa zamani ukiwa mbali, kwani chipu iliyo karibu na swichi yaweza kuwadanganya. Kisha uwekeni mpya mbali, mjaribu wa zamani, maana hutokea usajili mpya ukaufuta.

Fundi mwaminifu atawadai kadi ya gari na kitambulisho. Msimkasirikie, asiyeuliza ndiye wa kuogopwa. Nanyi chagueni mwenye duka linalojulikana, kwa kuwa mtu awezaye kuwafanyia ufunguo wa pili aweza kufanya na wa tatu. Vivyo hivyo mnunuapo gari kwa mtu, fundi aweza kufuta funguo zote katika kumbukumbu na kusajili zile tu zilizo mkononi mwenu. Muuzaji anayebaki na ufunguo kimya kimya hana tofauti na mwenye kupunja mizani ya pamba.

Pamoja na ufunguo, kama gari lilikuja na kibati kidogo chenye namba ya ufunguo, kihifadhini nyumbani; namba hiyo humsaidia fundi kuchonga chuma pasipo kuwa na cha kufuatiza. Na ule ufunguo wa pili usitiwe katika pete moja na wa kwanza, wala usiachwe ndani ya gari. Akabidhiwe mama wa nyumba, na ajue ni wa nini, kwa maana mgonjwa wa usiku hangoji baba arudi kutoka Maswa.

Ufunguo wa pili wa jirani yetu sasa umo katika sanduku la mkewe. Juzi ganda la ule wa kwanza limepasuka tena, akanunua jingine, akalibadili kwa mkono wake mwenyewe juu ya kitambaa cheupe, madirisha yamefungwa, na watoto wote wameambiwa wasikohoe.