Barabara Ni ya Nani?

Tangu Mbulu ipewe Halmashauri ya Mji mwaka 2015, mji unazidi kupanuka. Tunashukuru kwa daraja la Magara na kwa lami ya kuelekea Haydom. Aliyepata kumbeba mgonjwa masika anajua thamani yake. Lakini tunaikataa mipango inayoanza na gari, ikamkumbuka mwenda kwa miguu mwishoni, au isimkumbuke kabisa. Mama mwenye mzigo kichwani, mtoto aendaye shule, punda na gunia lake: hao husukumwa mtaroni. Papa Paulo VI, katika Populorum Progressio (1967), alifundisha kwamba maendeleo ya kweli ni ya kila mtu. Njia zao zitengwe sasa, kabla viwanja havijagawiwa. Tukichelewa, zitapatikana kwa kubomoa nyumba, na tunajua zitakuwa za akina nani.