Ada Haichezewi Uwanjani

Kila mwaka shule ya sekondari itangazapo wiki ya michezo baina ya vidato, wapo wazazi wanaowabakisha watoto nyumbani, hasa mabinti, wakiona kuwa ada yao inachezewa. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. UMISSETA huwachukua wenye vipaji. Wiki hii humfikia hata asiyejua kupiga mpira, akapewa kamba avute na wenzake, au daftari ahesabu mabao. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 waushughulishe mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Ni wangapi wetu wanaozifikisha, simu ikiwa mkononi?

Ama stara, hoja hiyo ina uzito. Lakini hijabu imeruhusiwa katika soka la kimataifa tangu 2014, na katika mpira wa kikapu tangu 2017. Shule zetu zina udhuru gani? Mzazi na amwendee mwalimu wa michezo kabla ratiba haijabandikwa, aulizie mavazi, uwanja wa wasichana, na nafasi ya Adhuhuri na Alasiri.