Walowezi wa Virginia: Dini au Faida?
Ukimwuliza mwanafunzi kwa nini Waingereza walihamia Amerika, atakujibu upesi kwamba walikimbia mateso ya kidini. Jibu hilo lina ukweli kuhusu Plymouth ya 1620, ingawa hata huko fedha za safari zilitoka kwa wafanyabiashara wa London. Kuhusu Jamestown ya 1607, halitoshi abadan. Kampuni ya Virginia, iliyopewa hati na Mfalme James wa Kwanza mwaka 1606, ilitamani dhahabu. Dhahabu ikakosekana, koloni ikaokolewa na tumbaku, na tumbaku ilihitaji mikono. Kuanzia 1618, aliyemlipia mhamiaji nauli alitengewa ekari 50. Maskini wa Uingereza, wengine wakiwa wamepoteza malisho ya pamoja kwa matajiri waliozungushia mashamba ua, waliuza miaka minne hadi saba ya jasho lao ili wavuke bahari. Wengi walikufa kabla ya kuikamilisha.

Je, huyu naye ni mlowezi sawa na mwenye hisa ambaye hakuwahi kuikanyaga Virginia? Naona neno letu hili, lililotokana na kulowea, linawatia wote kapu moja. Nao Wapowhatan, wenye ardhi ile, jibu la dini haliwataji kabisa.