MAZUNGUMZO NA BWANA SHAMBA: Harufu Nzuri Inatoka Shambani

Ndugu msomaji,

Mwezi huu tuzungumze juu ya harufu ya nyumba. Labda utauliza, "Harufu ya nyumba inamhusu nini Bwana Shamba?" Inamhusu sana. Vitu vinavyonukia huota shambani. Mchungwa, mlimau, mchaichai, rihani na asumini ni mimea. Watu wa Muheza huvuna machungwa mengi, lakini maganda hutupwa jaani. Maganda hayo ni mali.

Ondoa uvundo kwanza

Manukato hayasafishi nyumba. Ukiweka manukato juu ya uchafu, utapata harufu mbili mbaya. Kwa hiyo anza hivi:

1. Fungua madirisha na milango kila asubuhi.
2. Anika magodoro, mikeka na mablanketi juani.
3. Fagia chini ya vitanda.
4. Mwaga majivu katika shimo la choo, kisha funika tundu.

Jinsi ya kukausha maganda

Mafuta ya chungwa yanayonukia yamo katika ganda la nje. Kunja ganda bichi kwa vidole. Utaona matone madogo yanaruka. Hayo ndiyo mafuta yenyewe.

Osha chungwa kabla ya kulimenya. Kwangua nyama nyeupe iliyo ndani ya ganda, maana hiyo hukawia kukauka na huota ukungu. Kata ganda vipande vyembamba. Vitandaze katika ungo, uweke kivulini penye upepo. Usianike katika jua kali, kwa sababu jua hufukuza mafuta. Geuza kila siku. Ganda likivunjika kama kijiti kikavu, liko tayari.

Majani ya mchaichai na rihani nayo yakaushe kivulini. Yachume asubuhi, umande ukisha kukauka. Yafunge vifungu vidogo, uvitundike kichwa chini.

Mfuko wa sanduku la nguo

Chukua vikombe viwili vya maganda makavu, kikombe kimoja cha rihani kavu, na vijiko viwili vya karafuu. Kama unacho kipande cha mdalasini, kivunje ukiongeze. Changanya. Tia katika mfuko wa kitambaa chepesi, ufunge kwa uzi. Weka katika sanduku la nguo au tundika chumbani. Harufu ikipungua, finya mfuko kwa mkono. Itatoka tena.

Sufuria ya maji

Ukimaliza kupika, usizime makaa yaliyobaki. Teleka sufuria ya maji yenye majani ya mchaichai na maganda mabichi ya limau. Mvuke wake hunukia na kuondoa shombo ya samaki jikoni. Usiwashe moto mpya kwa kazi hii. Kuni ni haba.

Maua ya asumini

Vikonyo vya asumini hufunguka jioni. Vichume alasiri kabla havijafunguka. Viweke katika sahani yenye maji kidogo karibu na kitanda. Usiku vitafunguka, na chumba kitanukia.

Mambo matatu ya hatari

La kwanza ni jiko la mkaa. Usiliingize katika chumba cha kulala kilichofungwa, hata kama ni kwa kufukiza ubani au udi. Mkaa hutoa hewa ya sumu. Hewa hiyo haina rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Tena moshi wa kufukiza huwasumbua wenye pumu na watoto wachanga.

La pili ni mbu. Mchaichai hunukia, lakini hauzuii malaria. Lala ndani ya chandarua kila siku.

La tatu ni ghala. Ghala likinuka uvundo, usitie majani ya kunukia ili kuficha. Harufu hiyo ni habari unayopewa. Inasema kwamba mahindi au karanga zimeota ukungu. Ukungu mwingine hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Mwaka 2016, watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kupika hakuiondoi. Usile mahindi yaliyoota ukungu, usiyapike pombe, wala usiwape kuku au ng'ombe. Ng'ombe akila, sumu huingia katika maziwa. Tena kumbuka kwamba sumukuvu huweza kuwamo hata kama mahindi hayanuki. Kwa hiyo kausha mahindi vizuri kabla ya kuyatia ghalani, uyaweke juu ya chaga, mbali na unyevu.

Panda karibu na nyumba

Ng'oa machipukizi ya mchaichai yenye mizizi kutoka shina la jirani. Yapande mvua zikianza, hatua moja moja. Ukiyapanda kwenye kingo za matuta, mizizi yatashika udongo usichukuliwe na maji. Rihani panda karibu na mahali pa kuogea, upate maji bila kazi.

Ndugu msomaji, kazi hii haitaki fedha nyingi. Inataka usafi, kivuli na subira. Watoto wakimenya machungwa leo, wape ungo, waanze kutandaza maganda.

Kazi njema.

Ni mimi,
Bwana Shamba wenu