KOSA SI LAKO, LAKINI KARATASI NI KAZI YAKO



Leo nataka tuzungumze habari ya ajali za barabarani, na hasa ile ajali ambayo mtu hakuwa na kosa. Wengi wetu hupanda matatu na pikipiki kila alfajiri kwenda kazini. Wengine ni madereva na matanboi wa malori ya majani ya chai, na wengine wamejinunulia vigari kwa mkopo wa ushirika. Na karibu kila mtu husema: "Mimi sina kosa, basi bima ya yule aliyenigonga italipa." Neno hilo ni nusu tu ya ukweli. Kosa si lako, lakini kazi ya kuthibitisha ni yako, na asiyeifanya hulipwa kidogo au hapati kitu.

Mimi nilijifunza jambo hili kwa mguu wangu mwenyewe. Mwaka 2017 nilikuwa natoka Keroka kwenda Kisii mjini kwa pikipiki yangu. Nilisimama kungoja ng'ombe wavuke, na lori likanigonga kwa nyuma. Nilivunjika mguu. Siku ya tatu, nikiwa bado kitandani, alikuja bwana mmoja wa tai, mpole sana, akaniambia ameletwa na watu wa bima kunipa pole. Akanipa Sh. 15,000 na karatasi ya kutia sahihi "kuonyesha kuwa umepokea." Nilitia sahihi. Baadaye nilipokwenda kudai, niliambiwa ya kuwa karatasi ile ilisema nimeridhika na sina dai lingine tena. Mguu huu mpaka leo unachechemea. Na pikipiki nilijitengenezea kwa fedha zangu, kwa sababu bima yangu ilikuwa ya kulipa wengine tu.

Tuelewe sheria yenyewe. Sheria ya Kenya, Sura ya 405, inamlazimisha kila mwenye gari kukata bima kwa ajili ya watu watakaoumia au kufa. Haimlazimishi kwa ajili ya gari lako lililobondeka. Bima nyingine hulipa mali pia, nyingine hazilipi, kwa hiyo uliza mapema. Tena bima hiyo ya lazima ina mpaka wake: ni Sh. 3,000,000 kwa mtu mmoja. Kinachozidi hapo kinamhusu mwenye gari mwenyewe. Na kama hamkupatana, hushtaki kampuni ya bima kwanza. Unamshtaki dereva na mwenye gari, na bima hupewa notisi ya kesi hiyo. Ukishinda, ndipo kampuni inapotakiwa kulipa.

Sasa, mtu afanye nini? Kwanza, usiondoke hapo kama una nguvu ya kusimama. Andika namba ya gari, jina la dereva, jina la kampuni ya bima na namba ya cheti, na majina ya watu wawili watatu walioona. Simu unayo mfukoni, piga picha kabla magari hayajasogezwa. Dereva au mwenye gari akidaiwa, sheria inamtaka aseme kama ana bima na ni ya kampuni gani. Pili, ripoti polisi kabla ya saa 24 kupita, na ufuatilie abstrakti yako mpaka uipate. Kama umeumia, chukua fomu ya P3 na utunze kila karatasi ya hospitali na kila risiti ya dawa. Tatu, iarifu bima yako mwenyewe, hata kama huna kosa. Nne, usitie sahihi karatasi yoyote ukiwa kitandani. Tano, usilale: kesi ya namna hii hufunguliwa kabla ya miaka 3 kwisha. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Na aliyeumia akiwa kazini, juu ya lori la tajiri, ana njia nyingine. Bima ile ya lazima ya gari haikuwekwa kwa ajili ya mfanya kazi wa mwenye gari. Huyo analindwa na Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007, nayo haiulizi kosa lilikuwa la nani. Tajiri anatakiwa kupeleka ripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini katika siku 7, na dai lenyewe liingie kabla ya miezi 12 kupita. Matajiri wengine hunyamaza mpaka miezi hiyo iishe. Na kama lori la mtu mwingine ndilo lililowagonga, sheria haikukatazi kumdai huyo pia.

Kuna jambo moja la aibu ambalo hatuna budi kulisema. Wako madalali wanaozunguka hospitali na stesheni za polisi wakinunua madai ya watu, ingawa sheria ya mawakili inakataza kutafuta wateja kwa njia hiyo. Na wako wenzetu wanaokubali kuandikwa kuwa walikuwa ndani ya matatu iliyopinduka, kumbe walikuwa nyumbani wakinywa chai. Hao wanatuharibia. Dai la uongo moja humfanya karani wa bima amtilie shaka mjane mwenye dai la kweli. Tena kampuni za bima hufa: Kenya National Assurance, iliyokuwa ya serikali, ilifungwa mwaka 1996, na United iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2005. Kampuni ikifa, mwenye dai anaweza kubaki na hukumu mkononi bila fedha.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Kila tawi liwe na daftari la ajali. Mwanachama akilazwa, wajumbe wawili wamfikie siku ile ile, kabla ya bwana wa tai. Wamwandikie mashahidi, wamfuatie abstrakti, na wamsomee kila karatasi neno kwa neno kabla hajashika kalamu. Wengine watasema hiyo si kazi ya chama, kazi ya chama ni mshahara. Nami nauliza: mtu akipoteza mguu, mshahara ataupata wapi?

Mimi nilikuwa peke yangu siku ile, na nilitia sahihi. Mwenzangu asiwe peke yake.

Umoja ni nguvu.